Koo la Nesi Gertruda

Jumatatu ya pili ya mwezi Machi mwaka 1975, saa mbili kasorobo asubuhi, Nesi Gertruda Kapinga alikuwa anachemsha sindano katika kituo cha afya cha Mkalanga, na kwenye mabenchi ya nje walikuwa wamekaa wagonjwa sitini na wawili. Mkalanga kilikuwa kijiji cha ujamaa kando ya Ziwa Nyasa, kati ya Kihagara na Lituhi, chenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Nyumba zake zilipangwa katika mistari minane iliyonyooka, zote za kufanana, na watu walikuwa bado wanaingia kwa majirani wakidhani wamefika kwao. Kituo kilikuwa na vitanda ishirini, mganga mmoja, wauguzi wawili na Landrova moja.

Mganga mwenyewe, Bwana Mhina, alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa kutoka Muheza, aliyepangiwa huku kwa barua. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda wagonjwa wake kwa ujumla wao. Kumpenda mmoja mmoja ndiko kulikokosa nafasi. Mtu anayeona wagonjwa themanini kwa siku huacha kuinua kichwa. Alisema "Unaumwa nini?" akiwa anatazama karatasi, na kalamu yake ilianza kuandika kabla hajajibiwa.

Asubuhi hiyo mbele ya meza alisimama Mzee Urbani, mvuvi wa Kihagara, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi akiwa ufukweni. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na juu ya meza ile kulikuwa na mihuri mitatu. Alifungua tena. Safari hii sauti yake ilisikika vizuri, ila ilitokea upande wa pili wa chumba, kinywani mwa Nesi Gertruda aliyekuwa ameshika koleo la sindano.

"Naumwa chini ya mbavu, upande wa kulia," alisema Gertruda kwa sauti nzito ya Mzee Urbani. "Tangu Jumatano ya Majivu. Dawa mliyonipa safari ile ilikuwa ya malaria. Sikuwa na malaria. Nilishindwa kusema."

Bwana Mhina alifuta alichokuwa ameandika, akaandika kingine. Alimlaza mzee kitandani, akambonyeza ini, akamwona anakunja uso. Walipomaliza alisema, "Mama, naomba usiwajibie wagonjwa."

"Sijajibu mimi, Bwana Mganga. Amejibu mwenyewe."

Mhina alimgeukia Mzee Urbani, naye mzee akaitikia kwa kichwa.

"Haya," alisema Mhina. "Mwingine aingie."

Kufikia Ijumaa jambo lilikuwa limezoeleka. Sauti za wagonjwa ziliiogopa ile meza, na zikiogopa zilikimbilia kwa Gertruda, kama kuku wanavyokimbilia uvunguni mwa ghala mvua inapoanza. Yeye alikuwa Mmatengo wa milimani, binti wa wakulima wa kahawa, lakini miaka kumi na mmoja kando ya ziwa ilikuwa imemfundisha Kinyasa na Kimpoto, kwa hiyo aliweza kuyapitisha maneno kwenye Kiswahili bila kuyamwaga njiani. Aliyetibiwa na kurudi nyumbani aliondoka na sauti yake palepale. Aliyelazwa aliiacha kooni mwa Gertruda mpaka siku ya kuruhusiwa. Siku hiyo Gertruda alimsindikiza hadi mlangoni, akakohoa mara moja, na mgonjwa akaaga kwa mdomo wake mwenyewe.

Hii ilikuwa na maana kwamba Gertruda alirudi nyumbani jioni akiwa amebeba watu. Mumewe, Mwalimu Evarist, alikuwa mtu mtaratibu aliyefundisha hesabu darasa la sita. Wakiwa mezani, mkewe akikohoa kikohozi kizito, Evarist aliweka tonge chini na kusema, "Shikamoo, mzee." Sauti ya mzee ilimwitikia, ikauliza habari za shule. Akina mama walimweleza jinsi ya kukausha usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani, wasiingie mchanga. Kwa mwaka huo Evarist alifahamu mambo ya uvuvi kuliko Mmatengo yeyote aliyewahi kuishi, na kila siku alikuwa anaisubiri jioni kwa hamu.

Mwanzoni Gertruda alidhani kazi yake ni kuwasaidia wagonjwa kusema vizuri. Kisha akalazwa Vitalia, mama mwenye jipu kubwa kwenye titi, aliyepaswa kupasuliwa siku hiyohiyo. Mhina alipouliza kama mgonjwa yuko tayari, sauti ya Vitalia ilipanda kooni mwa Gertruda na kabla ya kutoka ikasema hapana: hapasuliwi mtu hapa mpaka ajue mtoto wake atanyonya wapi. Gertruda aliona ni ukaidi. Jipu lilikuwa limeiva. Akaamua kulainisha.

"Yuko tayari, anaogopa kidogo tu," alisema.

Au alitaka kusema. Maneno yalikwama kama mwiba wa samaki. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi, Mhina akampiga mgongoni, akampa maji, maji yakarudi. Mwishowe alinyoosha mkono kuomba nafasi, akasema lile hapana kama lilivyokuwa, na koo likafunguka. Mhina alisikiliza. Akamtuma mtu kwa wifi yake Vitalia, ambaye naye alikuwa ananyonyesha, na saa tisa alasiri mtoto alikuwa ameshiba mgongoni mwa shangazi yake, na Vitalia alipasuliwa bila neno. Tangu siku hiyo Gertruda hakupunguza wala hakuongeza. Kama mgonjwa alisema Bwana Mganga anaonekana hajala tangu jana, alilisema hilo pia, na Mhina alikwenda kula.

Jumanne moja ya mwezi Aprili, mvua ikiwa imetulia, aliletwa Perpetua. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minane. Alikuja kwa mtumbwi kutoka Lituhi pamoja na mama mkwe wake, Bibi Kunigunda, ambaye hakutaka kukaa kwenye benchi. Miguu ya Perpetua ilikuwa imevimba. Gertruda alipobonyeza kidole, shimo lilibaki. Mbele ya meza ya mganga Perpetua alifungua mdomo, na Gertruda akasikia sauti yake inatua kooni, nyepesi na ya haraka.

"Kichwa kinaniuma tangu juzi. Naona vimulimuli mchana."

Nyuma ya sauti hiyo ilikuwepo nyingine, ndogo, kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya mtungi. Haikusema kitu bado. Ilikuwa inapumua tu.

Mhina alipima presha, akapima tena. Alichemsha mkojo wa Perpetua juu ya taa ya spiriti, na mkojo ukaganda mweupe kama ute wa yai. Hapo aliinua kichwa. Gertruda aliona kwamba macho yake yalikuwa mazuri, na yamechoka.

"Ni kifafa cha mimba kinakuja, Mama," alisema. "Huyu nikimchelewesha hapa watakufa wote wawili. Apelekwe Mbinga. Leo."

Alimchoma sindano ya kumtuliza, akaandika barua ya rufaa, akaipiga muhuri mara mbili ili isikataliwe. Lakini ufunguo wa Landrova haukuwa kwake. Gari lilikuwa la kituo, ila kwa kuwa ni mali ya umma ufunguo uliwekwa ofisini kwa Katibu wa kijiji, ukutani, chini ya kalenda. Gertruda alimwachia Bibi Kunigunda mgonjwa, akaenda na sauti.

Njiani alipita ufukweni. Dereva Placidi alikuwa anamalizia kuosha gari, ufunguo ameshaurudisha ofisini. Viti vilikuwa vimevikwa vitambaa vyeupe vilivyodariziwa na umoja wa akina mama.

Katibu, Ndugu Ildefonce Kumburu, alimpokea kwa heshima na kumpa kiti.

"Mama Nesi, leo gari linakwenda kuchukua wageni," alisema. "Kesho wanakuja kutazama shamba la kijiji."

"Wageni wako wapi, Ndugu Katibu?"

"Mbinga."

"Basi linakwenda Mbinga tupu. Na mgonjwa wangu anakwenda Mbinga."

"Si tupu," alisema Katibu. "Lina vitambaa."

Alifungua daftari la gari na kumwonyesha. Safari ilikuwa imeandikwa tangu Februari. Kisha akauliza mgonjwa ni mkazi wa wapi, na aliposikia ni wa Lituhi alisikitika kweli, maana hapo jambo lilizidi kuwa gumu.

"Huyo Katibu wake yuko Lituhi. Nikimpa mtu wa Lituhi gari la Mkalanga, nitaulizwa. Angekuwa na barua ya balozi wake wa nyumba kumi, ningeanzia hapo."

"Lituhi kwenda na kurudi ni siku nzima."

"Ndiyo maana nasema angekuwa nayo."

Gertruda aliiacha sauti ya Perpetua ipande. "Ndugu Katibu," ilisema, "naanza kuona wawili wawili. Nakuomba."

"Pole sana, mwanangu," alisema Katibu, na alimaanisha. Alikuwa na binti wa umri huo. "Lakini sina kifungu."

Kisha ile sauti ndogo, iliyokuwa inapumua tu tangu asubuhi, ikasema, "Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba," alijibu Katibu, ambaye alikuwa amelelewa vizuri. Halafu akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wa Perpetua. Hajazaliwa."

Katibu aliweka kalamu chini. Mtu uliyemwitikia salamu huwezi kugeuka ukamwambia kwamba hayupo.

"Hajaandikishwa Lituhi?"

"Hajaandikishwa popote."

Katibu alitoa mwongozo wa vijiji kwenye mtoto wa meza, akaufungua katikati, akafuata mistari kwa kidole. Kulikuwa na kifungu. Mtu ambaye hakuandikishwa katika kijiji chochote atahesabiwa kuwa wa kijiji alimokutwa, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Kiliandikwa kwa ajili ya watu waliojificha maporini wakati wa kuhamishwa, lakini hakikusema hivyo. Katibu alivuta karatasi na kuandika, akisoma kwa sauti kila neno: *Mruhusu mtoto mmoja wa Mkalanga, wa kiume au wa kike, kusafiri na gari hadi Mbinga kwa matibabu. Mama yake atafuatana naye kama msindikizaji.*

"Na nesi?" aliuliza Gertruda.

"Na nesi," aliandika Katibu. Alisimama, akatoa ufunguo chini ya kalenda, akampa kwa mikono miwili.

Placidi alisoma kile kibali akiwa amesimama kando ya mlango wa gari. Alivua vitambaa kimoja kimoja, akavikunja, akavisukuma chini ya kiti chake, na akatandika godoro la wodini.

Barabara ya Mbinga huacha ziwa na kuanza kupanda mara moja. Perpetua alilala na kichwa chake mapajani mwa Gertruda. Bibi Kunigunda alishika miguu. Kwenye kona ya tatu mwili wa Perpetua ulikakamaa, macho yakageuka, taya likafunga. Gertruda alimlaza ubavu, akamfuta mate yenye damu ya ulimi, akahesabu mpaka mwili ulipolegea. Perpetua hakuamka. Lakini sauti yake kooni mwa Gertruda haikulala.

"Mama Nesi," ilisema.

"Nakusikia," alijibu Gertruda kwa sauti yake mwenyewe.

"Wakikuuliza wamwokoe nani, useme wote wawili. Usiseme mmoja."

"Nitasema ulivyosema."

"Na yeye mama mkwe asijilaumu. Alipiga kasia peke yake tangu alfajiri."

Bibi Kunigunda aligeuza uso kutazama nje. Huko nje ukungu ulikuwa umeshuka, na mashamba ya ngoro yalionekana yakining'inia kwenye miteremko, yamejaa mashimo kama sega la nyuki.

"Mbona baridi?" iliuliza sauti ndogo.

"Ni milima," alisema Gertruda. "Huku ndiko kwetu."

"Mnakula nini?"

"Ugali na maharage."

"Samaki je?"

"Wakiletwa kutoka kwenu."

Sauti ndogo ililitafakari hilo. Placidi aliendesha bila kugeuza kichwa, mikono yake imeukaza usukani, na kila shimo alilizunguka kwa upole kama anayevuka na yai kiganjani. Perpetua alikakamaa mara moja tena kabla ya kufika.

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa mtu wa makamo aliyesoma barua haraka na kuamuru chumba cha upasuaji kiandaliwe. Aliuliza swali moja tu, akiwa anakunja mikono ya shati: kama haitawezekana wote, ndugu wanasemaje. Gertruda alikuwa na uzoefu wa miaka ishirini. Alijua swali hilo huulizwa kwa sababu gani, na alijua jibu ambalo wauguzi hulitoa. Koo lake halikuwa na jibu hilo.

"Wote wawili," alisema kwa sauti ya Perpetua.

Daktari aliitazama sura ya Gertruda, akamtazama mgonjwa aliyezimia, akasema, "Sawa, mama," na akaingia.

Gertruda alikaa kwenye benchi la korido pamoja na Bibi Kunigunda. Baada ya dakika arobaini alihisi kitu kinashuka kooni, chepesi, kama tonge lililokuwa limekwama likakubali kwenda, na papo hapo kilio cha mtoto mchanga kikasikika nyuma ya mlango. Alikuwa wa kike. Alilia kama watoto wote wanavyolia, na hakuonyesha dalili ya kukumbuka kwamba amewahi kusalimia mtu. Gertruda aliweka mkono shingoni, akakuta machozi yamefika hapo. Sauti ya Perpetua alikaa nayo siku mbili zaidi, akizunguka wodi asiyoifanyia kazi, mpaka siku ya tatu mwenyewe alipofumbua macho na kuihitaji kwa kuomba maji. Mtoto walimwita Emerensiana, jina la mama yake Bibi Kunigunda.

Wageni walikuwa wameondoka Mbinga jioni ileile na Placidi. Mmoja wao alikalia doa la damu, akauliza ni la nani. Placidi akasema ni la mtoto aliyekuwa na kibali. Wageni waliomba kukiona kibali, wakakipitisha mkono kwa mkono, wakasifu jinsi kilivyoandikwa. Kesho yake walitazama shamba la muhogo, wakala, wakapiga picha.

Mwezi Juni ilifika barua kutoka kwa wakubwa. Mhina aliisoma kwa sauti, wagonjwa wakisikiliza kutoka kwenye mabenchi. Ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, mtoto ambaye hajazaliwa, iwapo ataweza kumsalimia Katibu kwa kupitia kwa muuguzi husika, aruhusiwe kusafiri na gari pamoja na msindikizaji. La pili, wagonjwa wengine wote wataendelea kufuata utaratibu: barua ya balozi, na gari liwe halina safari. La tatu, vitambaa vya viti vivuliwe kwa idhini.

Mhina aliandika kujibu. Alieleza kwamba gari la wagonjwa ni la wagonjwa, akapigia mstari. Alijibiwa kwamba suala la sauti limeshughulikiwa. Aliandika tena, na barua ya pili haikujibiwa. Alibaki mganga wa Mkalanga miaka mingine sita, ingawa angeweza kuhama, na akaanza kutoa meza nje, chini ya ukuta wenye kivuli, mihuri ameiacha ndani. Baadhi ya sauti ziliacha kukimbia. Nyingi zilikuwa zimeshazoea njia.

Akina mama wa ufukweni, kuanzia Kihagara mpaka Lituhi, walianza kuwafundisha watoto adabu mapema. Ungewakuta wanatwanga huku wanaongea na matumbo yao: sema shikamoo, sema vizuri, asiseme mtu hukulelewa. Katika miaka miwili walisafiri watoto kumi na mmoja kwa kifungu hicho. Kumi walifika.

Mwezi Agosti mwaka 1976 Mzee Sixtus alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa analiezeka na kuvunjika nyonga. Alikuwa na miaka sitini na minane, na barua ya balozi aliipata siku hiyohiyo. Gari lilikuwa na safari. Walitengeneza machela ya miti miwili na blanketi, na wanaume wanane wakajigawa zamu mbili kumpandisha Mbinga kwa miguu, safari ya siku tatu. Mhina alibeba mti mmoja mpaka kilima cha kwanza, akaomba radhi, akarudi kwa wagonjwa wake. Gertruda alitembea ubavuni mwa machela akiwa na chupa ya dawa ya maumivu na sauti ya mzee.

Ilikuwa sauti yenye maneno mengi. Iliwaelekeza wabebaji wapi kuna mawe yaliyolegea. Iliwasimulia jinsi baba yake alivyobebwa na Wajerumani kama mpagazi, ikajirekebisha, ikasema baba yake ndiye aliyewabeba. Maumivu yalipozidi ilisema yamezidi, na Gertruda alisimamisha msafara, hata wabebaji walipotaka kuendelea ili wawahi kivuli.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, walisikia Landrova inashuka kutoka Mbinga. Barabara hapo ni nyembamba. Waliteremsha machela kwenye majani, wakasimama kando. Placidi alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa, akavua kofia, na hakumtazama mtu usoni. Nyuma, kwenye vitambaa vyeupe, wageni watatu walipunga mikono.

"Karibuni Mkalanga," aliwaambia Gertruda kwa sauti ya Mzee Sixtus. "Shamba liko upande wa kushoto. Sisi tunatangulia Mbinga."

Wageni walishukuru. Gari lilipita, vumbi likatanda, wakasubiri litue. Mzee Sixtus alimwomba Gertruda maji, kwa mdomo wa Gertruda, na Gertruda akampa. Kisha sauti ikawahesabu wabebaji wa zamu mpya, ikamwona mmoja wao amesimama mahali pasipomfaa.

"Wewe mfupi kaa mbele," ilisema. "Tunapanda."

Walibadilishana nafasi, wakanyanyua.